Stata Iliyokula Unga

Vijana mnaoshika spana siku hizi mna haraka, na sijui niwaonee wivu au huruma. Stata ikigoma mnaifungua, mnaipakia kwenye bodaboda, mnakwenda mjini, jioni mmerudi na nyingine. Juzi nimemwona mmoja wenu hapa Lindi ametupa stata nzima ambayo haikuwa na ugonjwa wowote ila uchafu. Niliiokota, nikaisafisha nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, na macho yenyewe haya ya kubahatisha, nikamrudishia. Akashangaa kwamba mzee wa rika langu bado anajua bolti inafunguliwa kuelekea wapi. Sikukasirika, ila nilimwambia akae kidogo, na nanyi mkae kidogo, maana stata iliyojaa uchafu inanikumbusha mambo ambayo ningependa yawe yamekwenda vingine.

Nilikuwa fundi wa matrekta tangu wakati wa Mwingereza, kwenye karakana ya shamba la mkonge upande huu wa Lindi. Aliyenifundisha ni Fundi Mfaume, mtu mfupi, mkavu, aliyekuwa akisema na mashine kwa upole na binadamu kwa ukali. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa masikio. Kabla hujashika spana, alikuwa akisema, nyamaza, mashine ijieleze.

Na stata inajieleza, wallahi. Ukivuta swichi ukasikia "ta" moja kisha kimya, stata usiiguse. Nenda kwenye betri, kwaruza vichwa vyake, kaza waya, mara nyingi utakuwa umemaliza. Ukisikia meno yanasagana, krrr, basi meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, yamelika mahali pale injini iliposimama, sukuma trekta lisogee kidogo ujaribu tena, na huku uanze kuzoea habari mbaya. Lakini ukisikia vuuuu, stata inazunguka peke yake kama pia na injini imelala palepale, ujue kigia hakikuuma. Watu wengi hapo hulaumu stata kwamba imekufa. Haikufa, inakimbia bila mzigo.

Stata zile za zamani zilikuwa hivi: kuna mhimili wenye hesi, kama hesi ya bolti lakini pana, na juu yake kuna kigia kidogo. Tulikiita bendeksi. Stata ikishtuka kuzunguka, kile kigia kwa uzito wake huchelewa nukta moja, na katika kuchelewa huko hutambaa juu ya hesi mpaka kinakwenda kuuma meno ya flaiwili. Injini ikiwaka hukitupa nyuma, kinarudi kwake. Sasa hesi ikiganda uchafu, kigia hakitambai. Kinazunguka na mhimili, hakiyafikii meno ya flaiwili.

Dawa yake si mafuta. Hapa ndipo vijana wote hukosea, na mimi nilikosea kabla yenu. Watu wa kwetu tunaamini mafuta. Mtoto akilia, mafuta. Mgongo ukikaza, mafuta. Mlango ukilia, mafuta ya ufuta kutoka jikoni kwa mama. Mwaka wangu wa kwanza niliona bendeksi inasita, nikaipaka grisi kwa mapenzi yote, nikajisifu. Wiki haikwisha, vumbi la mkonge lilishikana na ile grisi likawa kama lami. Fundi Mfaume aliniosha pamoja nayo. Akanikalisha mbele ya karakana na bakuli la mafuta ya taa na brashi, kila dereva akipita anamwambia, "Huyu ndiye aliyempikia stata mchuzi." Tangu siku hiyo najua bendeksi hukaa kavu. Isafishe, ikaushe, iache.

Basi palikuwa na trekta moja kuukuu katika kijiji upande wa Miteja. Mashamba ya karanga ya Mwingereza yalipokufa, matrekta mengi yaliachwa yakiota kutu, na mengine yakauzwa ili tu yaondoke njiani. Kijana mmoja aitwaye Hamisi alikuwa amefanya kazi huko, ndiko alikojifunzia kuendesha. Akarudi kwao na wazo kwamba kijiji kikichanga mavuno yake ya korosho na ufuta kinaweza kuchukua trekta moja, likalima bonde lao kubwa ambalo majembe ya mkono yalikuwa yakililamba pembeni tu. Wazee walicheka. Walikubali kwa sababu mjomba wake, Mzee Lipande, alisema ndiyo.

Na ninyi mliokulia mijini niwaambie, kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Mama yake Hamisi alikufa Hamisi akiwa anatambaa, na Mzee Lipande ndiye aliyemlea, akamtia jandoni, akamwoza. Tena ndiye aliyekuwa na kazi ya unga pale kijijini. Shamba jipya halikufunguliwa bila yeye kutia unga wa mtama na kuwaomba waliotangulia. Waislamu walikuwa Waislamu, swala zao walisali, lakini shamba jipya lilikuwa na adabu zake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa akisoma fatiha yake vizuri kabisa, kisha anakumbuka kwamba ana kazi nyumbani, anaondoka kabla unga haujafunguliwa. Hakuna aliyemuuliza ni kazi gani.

Adabu nyingine ilikuwa hii: anayefungua shamba hulala peke yake usiku wa kuamkia siku hiyo. Hamisi alikuwa ameoa karibuni, binti wa Tingi aitwaye Zainabu, na harusi yao ilikuwa bado mbichi. Vijana wenzake walimtania kwamba usiku huo atafungwa kamba kwenye mti.

Siku ya kulima nilikuwa sipo, niliyokuja kuyajua ni ya kuambiwa na Hamisi mwenyewe. Trekta liliwaka kijijini asubuhi bila shida. Likaendeshwa mpaka bondeni, watoto nyuma, wanawake wanapiga vigelegele. Pale bondeni Hamisi akazima injini, maana mizimu haiwezi kuombwa kwa kupigiwa kelele juu ya mlio ule. Fatiha ikasomwa, mwalimu akakumbuka kazi yake. Mzee Lipande akaja na bakuli la unga wa mtama uliokorogwa na maji. Akapaka magurudumu, akapaka boneti, kisha akamuuliza mpwa wake, "Roho yake iko wapi?"

Hamisi kwa fahari akamwonyesha ubavuni. "Hapa, mjomba. Hapa ndipo linapoamkia."

Ubavuni pale palikuwa na dirisha dogo penye stata. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea tangu kwa wenyewe wa kwanza, na ndani mlikuwa na mafuta ya zamani. Mzee akainama, akamimina bakuli lote lililobaki. Akaomba kwa sauti, watu wakaitikia. Hamisi akapanda, akavuta swichi. Vuuuu. Akavuta tena. Vuuuu. Hendeli ya kuzungushia kwa mkono haikuja na trekta lile. Walisukuma wanaume wote, lakini udongo wa bonde ulikuwa laini na trekta lilikuwa zito, likazama badala ya kwenda.

Halafu pakatokea mzee mmoja mwenye maneno, ambaye hakulitaka trekta tangu mwanzo, akasema ardhi haikatai bure. Hakuongeza neno. Lakini macho ya watu yakamgeukia bwana harusi.

Mvua zilikuwa karibu. Trekta likakaa bondeni siku kadhaa, na kila siku neno lile likawa linakua. Kisimani wanawake walimtazama Zainabu wakacheka vibaya. Kungwi wake, yule mama aliyemfunda unyagoni, alimwita ndani akamuuliza wazi wazi. Zainabu akaapa kwamba mumewe alilala barazani na yeye alilala ndani na mlango umefungwa. Kungwi alimwamini, akaanza kumtetea kila mahali. Ndipo Hamisi alipotuma mtu karakana kutuita, mimi na Fundi Mfaume. Hamisi alikuwa rafiki yangu, nilikuwa nimezoea kumsaidia vifaa na maneno.

Tulifika asubuhi. Kijiji kilikuwa hakijakusanyika bado, alikuwepo Hamisi tu, amekonda. Fundi Mfaume alizunguka trekta mara moja, mikono nyuma. Akasimama ubavuni akaniita kwa kidole. Palikuwa na msururu wa sisimizi, wanapanda gurudumu la mbele, wanapita juu ya chuma, wanaingia kwenye lile dirisha, wengine wanatoka wamebeba vitu vyeupe.

"Sisimizi hawali chuma," akasema.

Tulivua waya wa betri kwanza. Hilo msilisahau kamwe. Fundi Mfaume alikuwa akisema kidole hakina spea. Nikafungua bolti, nikaivuta stata nje. Ilikuja na harufu ya uchachu. Ule unga ulikuwa umeshikana na mafuta ya zamani, ukakauka kwenye hesi kama ukoko chini ya chungu. Kigia kilikuwa kimekamatwa kabisa, hata kwa mkono hakikusogea. Nilikwangua kwa kijiti nikatia mabonge kwenye kopo. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapiga brashi, nikakausha juani. Halafu ukishakausha, kisokote kigia kwa vidole mpaka mwisho wa hesi, uone kama kinarudi chenyewe. Kisipoteleza kwa kidole hakitateleza kwa umeme. Kiliteleza vizuri sana, nikafurahi kama mjinga, nikidhani shida imekwisha.

Fundi Mfaume alimwita Hamisi, akamwonyesha kopo. Alielewa mara moja, naye si mtu wa kuelezwa.

"Fundi," akasema, "hili lisisemwe."

"Wanakusema wewe vibaya. Nimesikia njiani."

"Wananisema mimi. Wakijua hili watamsema mjomba. Watasema mzee ndiye aliyeua trekta la watu kwa mikono yake. Na yule mwenye maneno ndilo analolitafuta. Mjomba hatatia unga tena mahali popote. Atakufa kwa aibu, fundi."

Nikamwambia, "Na wewe utaibeba aibu hii mpaka wapi?"

"Ng'ombe haelemewi na nundu yake," akasema.

Nakiri kwamba maneno yale yalinipendeza. Nilikuwa kijana, nikaona huu ndio utu. Fundi Mfaume hakupendezwa wala hakukataa. Akasema, tutawaambia uchafu, na kweli ni uchafu.

Watu wakaja. Wazee wakakaa kivulini, Mzee Lipande katikati yao. Wakamuuliza fundi ugonjwa ulikuwa nini. Akajibu, "Uchafu tu, wazee wangu. Umetoka."

Yule mzee mwenye maneno hakuachia. "Uchafu gani, fundi? Hili lilioshwa mtoni siku ya kuamkia. Mimi mwenyewe niliwaona vijana wakilisugua. Uchafu umetoka wapi kati ya kuoshwa na kulima?" Kisha akanitazama mimi, akatazama mkononi mwangu. "Na hilo kopo lina nini?"

Sikujua la kufanya na lile kopo. Najua kila mtu aliyekuwa pale angeweza kuifikisha hesabu ile mwisho wake kama angepewa nafasi ya kuvuta pumzi. Hamisi hakuwapa nafasi. Alisogea mbele, akapiga goti.

"Wazee wangu, msimsumbue fundi. Kosa ni langu. Usiku ule sikulala peke yangu."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka, wale waliomtania. Wazee wakashauriana, wakamtoza mbuzi na kuku, akakubali hapohapo. Akapanda kwenye trekta, akavuta swichi, kigia kikauma, injini ikawaka. Fikirini kijiji kizima kilivyopokea jambo lile. Mtu amekiri, trekta limewaka. Hata ungekuja na kopo lako baada ya hapo, nani angekusikiliza? Walishangilia, bonde likalimwa mpaka jioni, na mvua ilipokuja iliwakuta tayari. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mazuri, siwafichi.

Njiani tukirudi, nilikuwa nikimsifu Hamisi. Fundi Mfaume alinisikiliza, kisha akasema, "Yule kijana ametoa sadaka, lakini kuku ni wa jirani." Sikumwelewa. Nilidhani anasema juu ya kuku wa faini.

Kabla ya wiki kwisha Zainabu alirudi kwao Tingi. Hakugomba wala hakupiga kelele. Alifunga vitu vyake, akapita kwa kungwi wake kuaga, na kungwi hakumfungulia mlango. Yule mama alikuwa amemtetea kila kisima na kila msiba, na sasa mume mwenyewe amekiri. Alionekana mjinga mbele ya wanawake wenzake wote, na Zainabu akaonekana mwongo aliyeapa kwa Mungu.

Hamisi alikuja karakana akaniomba niende Tingi kumwombea. Alikuwa ameshamweleza mkewe ukweli wote, siku ileile, kitandani. Alidhani hilo lingetosha. Nikaenda. Nilimkuta Zainabu anabangua korosho uani, vidole vyeusi kwa utomvu wake. Alinikaribisha vizuri, akaniletea maji, akakaa.

Nikasema, "Shemeji, mwenzio alifanya vile kwa ajili ya mjomba wake. Hakukusudia kukuumiza."

"Najua kwa nini alifanya, shemeji. Kaniambia."

"Basi rudi."

Alibangua korosho moja, akaitia kwenye ungo. "Usiku ule nilikuwa ndani ya nyumba ile. Kama kuna mtu mmoja aliyejua kwamba Hamisi hana kosa, ni mimi, kabla ya fundi, kabla ya kopo lenu. Wazee hawakuniuliza. Kungwi wangu peke yake aliniuliza, nikamwambia kweli. Mume wangu akaja akasimama mbele ya watu, akanifanya mwongo. Na hakuniuliza hata yeye."

Mimi pia nilikuwa pale na sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Katika kopo lile mimi niliona mjomba na mpwa tu.

"Mwambie hivi," akasema. "Sitaki amtukane mjomba. Mjomba namheshimu, ndiye aliyekuja kuniposa. Ila akasimame palepale aliposimama, aseme usiku ule alilala barazani. Aseme hilo tu, la unga anyamaze. Siku atakayosema nitarudi kwa miguu yangu, asinitumie gari wala mshenga."

Nilimpelekea Hamisi maneno hayo neno kwa neno. Alifurahi kwanza, kisha nikaona uso unarudi chini. Akisema alilala barazani, watu watauliza, basi trekta lilikataa nini? Na jibu moja tu ndilo lililobaki. Nikamwambia, acha waulize. Nikamwambia, mficha uchi hazai. Akaniambia, "Mjomba ni mzee sana. Amebakiza siku ngapi? Ngoja Mungu amchukue na heshima yake. Siku ya arobaini yake nitasimama niseme kila kitu."

Vijana, msiweke ahadi juu ya kifo cha mtu. Mzee Lipande aliishi. Msimu ule ukapita, akawa na afya nzuri zaidi. Mwaka uliofuata aliugua homa, tukapashana habari kwa huzuni, akapona, akaoa mke mwingine. Hamisi alikuwa akija karakana namuuliza habari za mjomba, ananijibu mzima, alhamdulillahi, na tunatazamana. Jambo lenyewe lilikuwa karibu la kuchekesha, na mara nyingine tulicheka, Mungu atusamehe. Kaka zake Zainabu walingoja, kisha wakaja kudai talaka kwa adabu zote, Hamisi akaitoa. Eda yake ikaisha. Akaolewa Kinjumbi na mvuvi mmoja, akazaa. Siku Hamisi aliposikia amezaa alikuwa kwangu, ananisaidia kuosha bendeksi ya stata ya trekta jingine. Aliendelea kuosha. Baadaye alioa mara mbili, ndoa hazikukaa.

Fundi Mfaume alifariki bila kulizungumza tena. Mimi nililizungumza sana, lakini ndani ya kichwa changu. Nimefikiria mara nyingi kwamba heshima ile ilikuwa nzuri, ila sisi tuliipima kwa mizani ya wanaume watatu waliosimama kandokando ya trekta. Anayelipa hakuwepo. Mkisikia mtu anajitolea kubeba lawama isiyo yake, muulizeni kwanza, nani mwingine anaingia naye chini ya mzigo huo. Msije mkampongeza kama nilivyompongeza mimi.

Mara ya mwisho kwenda kule Uhuru ulikuwa bado haujaja, ingawa watu walikwishaanza kuusema. Stata ya trekta lilelile ilikuwa inasita tena. Kumbe safari hii ni springi ya bendeksi, imekatika kwa uzee, jambo la kawaida. Nilimaliza mchana, Hamisi akanikaribisha nyumbani. Mzee Lipande alikuwa amekaa barazani, macho hayaoni vizuri tena, na Hamisi ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko, maana mikono ilikuwa inatetemeka.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni fundi huyu? Stata imekuwaje?"

Nikamwambia imepona.

Akacheka kidogo. Alikuwa na furaha siku ile, kama wazee wanavyokuwa wakipata mtu wa kuzungumza naye. "Unajua, fundi, mara ya kwanza ile mlipokuja, mimi nilidhani ni unga wangu. Niliumimina mwingi. Usiku ule wote sikulala, nasema, Lipande, umekilisha chuma unga. Siku ile wazee walipouliza uchafu gani, nilikuwa nimeshashika mkongojo niinuke niseme mimi. Ingekuwa nini? Wangenicheka siku mbili, mzee kachanganya trekta na kinu. Lakini huyu mtoto akanitangulia, akasema kosa ni lake. Nikasema, alhamdulillahi, basi kumbe si unga." Akapangusa kinywa. "Nikakaa."

Sikuthubutu kumtazama Hamisi mara moja. Nilipomtazama, kijiko kilikuwa kimesimama juu ya bakuli, na uji ulikuwa unadondoka polepole kurudi ndani.

"Au vipi, Hamisi?" mzee akauliza. "Haukuwa unga, sivyo?"

Hamisi akachota tena, akapuliza.

"Haukuwa unga, mjomba," akasema. "Kunywa, unapoa."